Bipu ya Ijumaa

Tangazo liliwekwa kwenye intaneti na Abdulswamadu, mpwa wa Zuleha, mwenye kompyuta mbili za kukodisha pale Dodoma mjini. Lilisema: nyumba tulivu ya Zuleha, Kolo, karibu na michoro ya mapangoni, simu ipo. Abdulswamadu hakudanganya. Simu ilikuwepo, ndani ya kikapu kidogo kilichoning'inia kwenye msumari, na msumari ulipigiliwa dirishani, katika chumba cha mgeni. Mwaka ule wa 2004 mtandao ulishika pale na juu ya jiwe lililo nyuma ya shule, basi. Ukisogea shubiri moja kushoto, umeshatoka duniani.

Mgeni aliyelipa wiki mbili alikuwa Mholanzi, mama mtu mzima, mrefu, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kuwaamkia "shikamoo" hata watoto wa chekechea. Siku ya kwanza aliuliza intaneti iko wapi. Zuleha akamwonyesha barabara ya Kondoa. Tangu hapo mgeni akawa anapanda lile jiwe kila asubuhi na simu yake mwenyewe, ameinua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, kisha anashuka kimya kwa sababu hakuna aliyemtafuta. Zuleha alimwonea huruma. Upweke wa namna hiyo aliujua.

Mwanawe wa pekee, Hanifu, alikwenda Afrika Kusini miaka sita iliyopita kutafuta maisha. Barua zilikuja, zikapungua, zikakatika kama mvua za huku kwetu. Mwaka jana akaleta simu kwa mkono wa msafiri, pamoja na maagizo. Kila Ijumaa baada ya sala nitakubipu. Ikilia mara moja ikakatika, ujue ni mzima. Ikilia mara mbili, kuna jambo. Usipokee, mama, salio la huku ni ghali.

Basi kila Ijumaa Zuleha alikaa kwenye benchi nje ya dirisha na kungoja. Simu inalia, inanyamaza. Alhamdulillahi. Akimaliza kushukuru, anatuma salamu kijiji cha Busi kwa kina Sabiha, binti aliyeposewa Hanifu kabla hajaondoka: mwambieni, mwenzake mzima. Sauti ya mwanawe hakuwahi kuisikia tena tangu siku alipompa mkono wa kwaheri. Alichobaki nacho ni mlio mmoja kwa wiki, na hakulalamika. Wako wenye watoto hapo Dodoma tu, hata mlio hawapati.

Kosa, tuseme kweli, lilikuwa lake. Hakumwambia mgeni asiiguse simu ile. Lakini nani wa Kolo angefikiria kumwambia mtu mzima asipokee bipu? Ni sawa na kumkumbusha avue viatu msikitini. Kumbe huko kwao simu ikilia inapokewa.

Ijumaa ya pili Zuleha alichelewa dukani kwa Khamisi, alikokwenda kununua mafuta ya taa. Aliporudi alimkuta mgeni amesimama dirishani, simu sikioni, anacheka. Hakuwahi kumwona akicheka.

"Pole, Mama Hanifu, imekatika sasa hivi," mgeni alisema. "Ililia, nikapokea. Mjukuu wako anaongea sana. Anasema jino lake limeng'oka."

Zuleha aliweka chupa ya mafuta chini, polepole.

"Mjukuu gani?"

Mgeni alidhani Kiswahili chake ndicho kilichokosea. Akarudia tena taratibu. Mtoto wa kike. Ana miaka mitano. Anasema Kiingereza. Ijumaa baba anaacha simu nyumbani, na kazi ya mtoto ni kubonyeza, kungoja ilie mara moja, na kukata. Leo ilipokewa kabla hajakata, naye akafurahi.

"Na baba yake?"

"Mzima. Yuko kazini."

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Zuleha," mgeni alisema. "Kama wewe, kwenye tangazo. Nilifikiri..." Hapo ndipo alipoutazama uso wa mwenyeji wake, na akaelewa. Alianza kuomba radhi kwa lugha mbili. Zuleha akamwambia si kosa lake, chai iko jikoni, ajimiminie.

Alikaa kwenye benchi lake mpaka jua likafika ukutani. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na haki. Mwaka mzima amemshukuru Mungu kwa kidole cha mtoto asiyemjua. Mwaka mzima amempelekea binti wa watu salamu za uongo. Hanifu aliogopa posa ile, akaona bora anyamaze, na ukimya ukimea huwa hauna wa kuung'oa.

Lakini kilichomuuma zaidi lilikuwa jina. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyemwita Zuleha. Kijijini ni Mama Hanifu, dukani Mama Hanifu, hata Mholanzi aliambiwa hivyo. Na huko mbali, kila siku, jina hilo lilikuwa linaitwa. Zuleha njoo ule. Zuleha vaa viatu. Mwanawe aliweza kulitamka hilo asubuhi na jioni, akashindwa kumwambia mwenye jina.

Kesho yake alituma ujumbe Busi, na safari hii ulikuwa wa kweli: binti asingoje tena, na aliyekosa ni mwanangu. Jumatano mgeni aliondoka. Kabla ya kupanda basi alimwachia Zuleha karatasi yenye maneno manne ya Kiingereza, yameandikwa yanavyotamkwa, ya kusema mimi ni bibi yako. Zuleha aliyakariri akipika, akifagia, akiteka maji.

Ijumaa hakukaa nje. Alikaa ndani, kwenye kiti cha mgeni, kikapu mbele ya uso wake. Simu ilipolia aliipokea. Salio na liishe.

Akasikia pumzi ndogo. Maneno yote manne yakamkimbia.

"Zuleha," alisema.

Kisha sauti yenye pengo la jino ikajibu, "Zuleha?" Halafu ikaendelea, maneno mengi, ya haraka, yenye kicheko katikati. Hakuelewa hata moja. Aliyasikiliza yote, akiitikia "ee," "ee, mama," mpaka salio likaisha na simu ikanyamaza.

Hakuirudisha kikapuni. Alibaki ameishika sikioni, kwa sababu mpaka Ijumaa nyingine hakuna atakayemwita kwa jina lake.