Maji Yaliyofika Masaka

Kila asubuhi Josline alimwogesha Mama Santina nyumbani kwake, mtaa wa Munuki, akianzia usoni na kumalizia miguuni. Mama Santina alikuwa amepooza upande mmoja, na wanawe walioko ng'ambo walililipa shirika la uuguzi wa nyumbani kwa kila ziara. Josline naye alikuwa na mama kitandani, kule Masaka, Uganda. Hakuwa amemgusa tangu avuke mpaka wa Nimule kuja kutafuta kazi, na hamu ya kumgusa ilimkaa kifuani hata wakati wa kula.

Siku moja, akiwa anasugua mgongo wa Mama Santina, simu ililia. Alikuwa mama yake.

"Josline, maji ya leo yana joto zuri. Ila sabuni imeniingia sikioni."

Josline akalifuta sikio la Mama Santina, na kule Masaka mama akashukuru. Tangu hapo Sanyu, jirani wa mama, alitandika nailoni kila asubuhi ili godoro lisilowe.

Mama Santina hakuwa mchoyo. "Osha yeye vizuri," alisema. "Mgongo yangu iko kubwa, inatosha sisi wawili."

Munuki habari hazina mlango, zikamfikia Laku, meneja wa shirika.

"Sista, hapo iko wagonjwa wawili," alisema. "Ile ya pili nani analipa?"

Akaanza kumkata nusu ya mshahara. Josline hakubisha. Pesa alizotuma nyumbani zilipungua, lakini mikono yake ilifika.

Shirika likapata faida, na muonja asali haonji mara moja. Laku akafupisha ziara kutoka saa nzima hadi nusu saa, ili gari la shirika lililombeba Josline liwahi wagonjwa wengine ng'ambo ya daraja, mtaa wa Gumbo. Josline akaomba kuja Jumapili bila malipo.

"Malesh, samahani, Sista. Mgonjwa ni ya kampuni."

Nusu saa ilimfikisha magotini, kisha honi ikalia nje. Akianza na miguu, mgongo ulibaki.

"Josline, miguu je?" mama aliuliza, gari likiwa darajani.

"Kesho, mama."

Mwaka huo shirika lilinunua gari la pili. Sanyu anasema kila asubuhi mama huvua soksi, hutoa miguu nje ya blanketi, na hungoja mpaka jua lizame.