Tableau ya Mama Mbelu

Tableau yangu, picha nilipaka rangi, ilipata nafasi ya kwanza ku maonyesho ya masomo yetu. Muniache niseme hilo haraka liishe, juu kila mutu akinipongeza natafuta pa kujificha.

Lycée yetu, masomo ya sekondari, iko na Masœur mumoja, mutawa wa Ufilipino, Masœur Ligaya, mwalimu wa dessin, wa kuchora. Ni mufupi, mucheshi, anasema Swahili ya muji wetu wa Kolwezi kama amezaliwa hapa. Mwaka huu alituonyesha picha za kwao: nyumba nzima ya mianzi na majani iko inatembea barabarani juu ya mabega ya batu. Zamani, ku bijiji bya kwao, mutu akihama, bajirani habamusaidii kubeba bitanda tu. Banainua nyumba yenyewe. Kazi hiyo banaiita bayanihan. Mu zile picha hatukuona sura ya mubebaji hata mumoja, ni migongo na miguu tu. "Mashujaa ba kweli njo hao," Masœur alisema, "benye habana jina." Akatupa kazi: kila mumoja achore shujaa wa kila siku, si askari, si mutu wa televizio.

Benzangu bakachora bamama ba soko na bainfirmier ba hospitali. Mi nikajiona mujanja. Nikamuchora Mama Mbelu.

Mama Mbelu ni jirani yetu hapa ku mutaa wa Kasulo, mujane, Muluba wa Kasai. Mulango wake wa rangi ya bleu unaangalia wetu. Na Kasulo munaijua: batu balichimba madini ya cobalt chini ya nyumba zao benyewe, mu chumba, mu salon. Siku hizi ni marufuku, lakini marufuku haijazi sufuria. Shimo la Mama Mbelu lilikuwa mu chumba chake cha kulala, kitanda kimesukumwa ku ukuta. Mwaka jana mvua ililainisha udongo, shimo likaangukia bijana babili benye kumuchimbia. Banaume balisimama juu, banapiga kelele tu. Mama Mbelu alifungua sanduku lake, akatoa bitenge byote, hata kile balimuletea siku ya mahari ya binti yake, akabifunga kimoja na kingine, akashuka mwenyewe. Na yale magoti yake mabovu! Alibatoa bote babili bazima. Blanchard, mumoja wao, mupaka leo iko na alama ya kitenge chini ya makwapa. Avenue nzima, barabara yetu yote, inajua. Avenue nzima inafunga mudomo.

Nilichora hivi: bajirani bameinua nyumba yake ku mabega, kama kule Ufilipino, migongo na miguu tu. Chini, mahali nyumba ilikuwa, shimo liko wazi, na Mama Mbelu anapanda na kijana mugongoni, vile banabeba mutoto. Mulango niliupaka bleu ile ile. Hata nambari ya parcelle, ya kiwanja chake, niliiandika. Nilisema sanaa inataka ukweli. Ujinga gani ule!

Siku ya maonyesho, mu salle ya paroisse, ule ukumbi wa parokia, nilimwalika. Alikuja na kitenge kipya na kitambaa kichwani. Akasimama mbele ya tableau, mukono ku mudomo. Nilifikiri ni furaha.

Bwana mumoja wa cravate, tai shingoni, akasogea, sikumujua. "Ni wewe ulichora? Félicitations, hongera. Nyumba hii ni ya kufikiri, ao iko kweli?"

Mungu angenipa kikohozi dakika ile. Lakini sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. "Iko kweli, Tata! Iko ku avenue yetu kabisa. Na shujaa mwenyewe njo ule pale!"

Mama yangu akanifinya mukono mupaka kucha zikaingia. Bwana akatabasamu, akaenda kumupa Mama Mbelu mukono, akamupongeza. Na Mama Mbelu akapinda magoti kidogo, akasema, "Aksanti, Tata." Ulimi wangu ulimuuza, na yeye njo alishukuru.

Batu ba ule bwana, ba serikali, benye kuchunga madini, balikuja wiki ile ile. Habakupiga mutu, habakutukana, siwezi kusema uongo. Baliingia mu chumba, baliangalia, baliandika, halafu kamio, lori kubwa, ikaleta udongo wa kujaza shimo. Ku ukuta balichora musalaba mwekundu: nyumba ni ya hatari, itabomolewa, mwenyewe ahame.

Musifikiri ni nyumba tu. Mama Mbelu hana kwa kwenda ila muji wa Tenke, kwa binti yake, na binti yake iko na bwana, jina lake Kalala. Kwao Baluba, mama kulala chini ya paa la mukwe wake ni haya kubwa. Hata kula mbele yake hawezi. "Afazali nilale ku gare, ku stesheni ya treni," alikuwa anaambia mama yangu, na mi nilikuwa nasikia. Na si mara ya kwanza anafukuzwa. Wakati ba Kasai balifukuzwa hapa Katanga, yeye alikuwa binti mudogo, balimupandisha treni na mama yake. Alirudi mukubwa, akajenga, tofali kwa tofali. Safari hii haikuwa politique ya bakubwa. Ilikuwa mi na pinceau yangu, burashi ya rangi.

Nilikimbia kwa Masœur Ligaya, machozi na kamasi. Hakunipapasa. Alisema, "Abi, mi pia nilikosa. Nilikuonyesha babebaji, sikukuambia mwanzo wake. Kwetu mwenye nyumba njo anaita batu. Mutu hainui nyumba ya mwenzake wakati mwenyewe iko ndani, amejikalia." Akataka kutoa tableau ku ukuta wa salle. Ingesaidia nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Leo kamio ya kuhama ilisimama mbele ya mulango wa bleu. Blanchard alikuwa anapandisha godoro. Hakunisalimia, na iko na haki. Nilivuka barabara na maneno nilikuwa nimeyapanga tangu juzi. Nikapiga magoti mu vumbi.

"Mama, unisamehe."

"Inuka, unachafua uniforme." Alikuwa anafunga sufuria mu kitenge. "Ile tableau niliipenda, unajua? Ulinipa mikono ya nguvu. Hakuna mutu alishanichora mu maisha yangu."

Yoo, kama angenipiga kofi! Nikaanza kulia.

"Lakini nikuulize kitu kimoja, Abigaëlle." Siku zote ananiita Abi. Akaangalia ngambo, kwetu, ku dirisha la jikoni lenye pazia halifunguliwi. "Shimo la baba yako linapita langu kwa urefu. Juu ya nini hukuchora lile?"

Nilijua. Tangu pinceau ya kwanza nilijua kama mutu hachori shimo la kwao. Minerval yangu, pesa ya masomo, inatoka mule, na biatu byangu, na hata rangi nilimuchorea nazo.

"Mama," nilisema, "bale batu balikuuliza kama kuna zingine?"

"Baliniuliza. Balisema nikibaonyesha zingine, bataniacha nikae mu nyumba mupaka mvua iishe."

"Ukasema nini?"

Alimupa Blanchard sufuria, akajipanguza mikono. "Nilisema ni miye peke yangu. Wende kusoma, mwanangu. Examen d'État, mutihani wa mwisho, iko karibu."

Akapanda mbele, karibu ya dereva, akajifunika kitambaa usoni sababu ya vumbi. Kamio ikaenda.

Nilirudi nyumbani, nikaingia jikoni. Mama alikuwa soko. Kamba ilikuwa inaning'inia mu shimo, ikatingishika mara mbili: baba chini amejaza gunia, anataka mutu wa kuvuta. Nikavua biatu bya masomo, nikabiweka ku ukuta bisichafuke. Nikashika kamba na mikono yote miwili, nikavuta.