Magadi ya Makande

Kazi yangu kwenye karakana ya kaka Silvanus, hapa Karatu, ni kungoja. Nakusanya mafuta yaliyokaangiwa chipsi kwenye majiko ya loji, nayachuja, nayachemsha mpaka maji yaishe, kisha namimina spiriti iliyoyeyushiwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Baada ya hapo nakaa. Tope jeusi likizama, juu inabaki dizeli nyepesi. Silvanus husema alinichukua kwa sababu naweza kulitazama pipa siku nzima bila kulisumbua.

Jumanne ile alikuwa Arusha kufuata kostiki, yetu ilikuwa imeisha. Mama Bernadina, mteja wetu, akafika kutoka Mang'ola na dumu lake kufuata dizeli ya pampu ya shambani. Vitunguu vyake vilikuwa na siku nne bila maji, na lori la kurudi linaondoka kesho yake asubuhi. Hakunibembeleza. Alikaa tu juu ya ndoo, anatazama miguu yake.

Nikakumbuka magadi ya Eyasi jikoni. Nyumbani tunalainishia makande, na hata mahindi makavu kama kokoto yanakubali. Nikajiambia kostiki ni soda na magadi ni soda. Nikayaponda, nikayatia kwenye spiriti badala ya kostiki, nikaongeza vijiko viwili kwa kuwa ni ya kienyeji.

Asubuhi tope halikuwepo. Niliona. Nimeajiriwa kwa ajili ya macho yangu, na niliona. Nikajaza dumu, nikamwambia mama akamwagilie.

Jumatatu alirudi na Qamara, fundi wa pampu. Pampu ilizima siku ya pili, imeziba kwa mafuta mazito, na vitunguu vimelala. Mama alieleza kwa upole kwamba wote kule wanamlaumu fundi, maana ndiye aliyeifungua pampu mwisho. Hakuna tena anayempa kazi. Qamara alisema amebaki na redio za walevi tu. Alikuwa amekuja kumwomba Silvanus, mtu anayejua mafuta, atoe neno la kumsafisha.

Silvanus akanigeukia. "Angelina, ile dizeli ya mama ilikuwa nzuri?"

Kila pipa tunalibakizia chupa ndogo rafuni. Ya Jumanne nilikuwa nimeificha nyuma ya magunia. Nikaenda kuitoa. Nikamimina kidogo kwenye glasi ya spiriti, kama alivyonifundisha. Dizeli nzuri hupotelea humo. Hii ilishuka yote chini, ya njano, ikakaa.

"Niliweka magadi," nikasema. "Fundi hana kosa."

Qamara aliinua glasi juani. "Magadi ya makande?"

"Ya makande."

Silvanus alikaa chini. Akasema pampu ataitengeneza yeye, na chupa fundi aende nayo akawaonyeshe watu.

"Chupa haisemi," Qamara akasema. "Dada, panda lori ukawaambie mwenyewe."

Nikaifunga chupa kwenye kanga, nikawafuata. Mama Bernadina alinipa nafasi pembeni yake, akageuka kutazama barabara. Tulipofika kwenye majaruba ya vitunguu, mengine yote yalikuwa mabichi. Akanyoosha kidole kuonyesha lake lililokauka, ingawa nilikuwa nimeshaliona.