Neno Lisilovaa Suruali

Mimi, Velma, ninakiri kwa uzito wote unaostahili kwamba sikudanganya mtu. Nilimsomea tu mjomba wangu kilichoandikwa, na kama kuna wa kulaumiwa, basi ni Kiswahili chenyewe.

Ilikuwa Februari 2016, mjini Eagan. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana huko Vihiga, ambako jina langu lilijulikana sana ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu, na ukoo ukaamua kwamba baridi ya Minnesota ingegandisha utundu wangu. Nikakabidhiwa simu katika kampuni ya Anko Zadock, yenye magari manne ya kuwapeleka wagonjwa kliniki na kuwarudisha nyumbani. Madereva wote walikuwa wanaume. Anko alisema ni kwa sababu ya theluji. Mimi niliishi miaka minne na wasichana mia saba, kwa hiyo ninajua tabia ya mahali penye watu wa aina moja: kila mtu amezoea uchafu uleule, na hakuna anayeuona. Pale ofisini ilikuwa soksi zilizoanikwa juu ya hita.

Ukutani Anko alikuwa ameandika sheria yake, aliyoipenda kama mtoto wa kuzaa: MKONO, MKANDA, MLANGO. Dereva ampe mgonjwa mkono, amfunge mkanda, afunge mlango. Hakuna aliyewahi kuivunja.

Na bado wagonjwa walikuwa wanatukimbia. Kliniki ya mifupa ya Saint Paul, iliyotupatia zaidi ya nusu ya safari zetu, ilileta barua: wengi mno wanakosa matibabu, na hali isipobadilika kufikia mwisho wa mwezi, itatafuta kampuni nyingine. Anko aliisoma barua hiyo mpaka ikalegea kama chapati.

"Ni baridi," alisema Nahashon, dereva wetu mkongwe.

"Baridi gani inachagua akina mama peke yao?" nikamuuliza, nikimwonyesha daftari langu la visingizio. Mama mmoja Mzungu alikuwa amepotelewa na paka mara nne. Bibi Bernardine, Mkongo wa kwenye maghorofa ya Cedar-Riverside, alikuwa na mafua tangu Krismasi, na sauti nyororo ya mwanakwaya. Watu wa huku ni wapole. Hawakuambii umekosea, wanakushukuru sana, kisha hawaji.

"Wewe shika simu," alisema Nahashon.

Wiki hiyo dereva mmoja akahamia Texas, na maombi ya kazi yakaja moja tu, kutoka kwa mtu aitwaye Heri Kasika. Fomu ilijazwa kwa Kiingereza. Anko, aliyekuwa chini ya gari akikaza nati, akaniambia nimsomee kwa Kiswahili. Niseme hapa kwamba nilikuwa nimeshaongea na Heri kwa simu.

"Ana uzoefu?"

"Ameendesha ambulensi miaka sita, kambi ya Nakivale, Uganda. Leseni ya hapa anayo."

"Ana nguvu?"

"Amewahi kuisukuma kwenye tope, mgonjwa akiwa ndani."

"Huyo sasa ndiye mwanaume," ilisema miguu ya Anko.

Nikageuza ukurasa, maana tulifundishwa kutomkatiza mtu mzima.

"Ana familia?"

"Watoto wanne."

"Mwenye watoto wanne hachezei kazi. Na bibi?"

"Kuhusu bibi, Anko, hajaandika chochote."

"Mwambie aje Jumatatu."

Jumatatu akaingia mwanamke mrefu, kofia ya sufu juu ya kilemba. "Bonjour. Nimekuya kuchukua gari."

Anko akachungulia nyuma yake. "Karibu, mama. Mzee amebaki nje?"

"Mzee gani?"

"Heri."

"Heri njo mimi."

Anko akanigeukia polepole. "Velma. Ulisema ni mwanaume."

"Nilisema 'ameendesha', Anko. Suruali umeivalisha mwenyewe."

Nahashon alicheka mpaka akakohoa. Nami ningecheka, lakini Heri hakucheka.

"Baba," akamwambia Anko, "mimi niliaga kule kiwandani Ijumaa, juu ya hii kazi. Kama haiko, uniambie mbele ya kuvua koti."

Hapo utundu wangu ukaganda kweli, kama ukoo ulivyokusudia. Mzaha wangu ulikuwa umemtoa kazini mama wa watoto wanne.

Anko alimtazama, akaitazama barua ya kliniki. Kisha akachukua daftari langu la visingizio, akaweka alama kwenye majina matano, akaongeza la sita la mzee mmoja aliyekuwa na safari siku hiyo. "Hawa watano wamenishinda. Ukiwafikisha kliniki leo, pamoja na mzee, kazi ni yako. Wakikataa, tutaagana vizuri."

Sikula chakula cha mchana. Saa kumi jioni Heri akarudi, akaweka daftari mezani. Watano walikuwa wamekwenda, akiwemo Bibi Bernardine na mafua yake.

"Umewaambia nini?" Anko akauliza.

"Niliuliza tu. Bibi Bernardine anasema mafua yake ni mukanda."

"Mkanda?"

"Mwanaume anamuinamia hapa," akapitisha mkono mbele ya kifua chake, "ndiyo amufunge. Haya inamushika. Ni bibi ya watu. Ulitaka akuambie nini?"

Sote tukageuka, tukausoma ukuta.

"Mimi nilidhani ninawaheshimu," alisema Nahashon taratibu.

"Ulibaheshimu. Lakini uliangalia mukanda, hukuangalia uso."

"Na wa sita?" nikauliza.

"Mzee Habiyaremye? Alikataa mukono yangu pale kwenye barafu. Anasema mwanamuke hawezi kumushika akianguka. Nikamuelezea ambulensi yote, wapi. Iko mlangoni kwake, anangoja Nahashon."

Nahashon alikuwa ameshachukua funguo.

Tangu siku hiyo Heri akawa dereva wetu wa nne, nami nikawa ninamuuliza kila mgonjwa anataka dereva yupi, na daftari la visingizio likakosa kazi. Soksi nazo ziliondoka kwenye hita bila mtu kuambiwa. Mimi niliadhibiwa kuosha chumvi ya barabarani kwenye magari yote manne, mwezi mzima, na Heri akaniazima glavu zake bila kunisamehe waziwazi.

Mwisho wa mwezi kliniki ikaandika kwamba tuendelee, na kwamba inamshukuru hasa Bwana Heri Kasika. Kiingereza, chenye neno la mwanaume na neno la mwanamke, kilikuwa kimekosea vilevile. Anko alipiga simu papo hapo, akawaambia kwa sauti yake ya kanisani kwamba Heri ni mama, na warekebishe barua.

Kisha akaniita. "Andika tangazo. Tunatafuta dereva wa tano."

"Niandike mwanaume au mwanamke?"

"Andika, anayeuliza kabla ya kufunga mkanda."