Medali Kwenye Mkia wa Ndege

Katika nyumba ya Bibiana, pale Namawala, hajawahi kutoka msafiri bila medali. Awe anakwenda Dar es Salaam kutafuta maisha au Ifakara mjini kung'oa jino, nguo yake itapitia kwanza kwenye cherehani ya Bibiana, na akiivaa atakuwa amebeba medali ya Bikira Maria ndani ya pindo la nyuma. Lazima iwe nyuma, kwa sababu mbele mtu hujilinda kwa macho yake mwenyewe. Na lazima asijue, kwa sababu akijua atajiona amekwishafika. Hayo Bibiana alifundishwa na mama yake, na hakuna padri aliyewahi kumwambia vinginevyo, kwa vile hakuna padri aliyewahi kuulizwa.

Basi asubuhi ya siku ile ya kurusha ndege, binti yake Agnella alipokuwa bafuni, Bibiana alichukua wembe akaichana kidogo ngozi ya mkia wa ile ndege ya rimoti iliyokuwa mezani. Akatumbukiza medali, akaziba kwa kipande cha selotepu ya kahawia kama ile iliyoivika ndege nzima. Alifanya kazi safi, maana ameficha viraka vya sare za shule tangu ujana wake. Na haikuwa medali ndogo ya kawaida. Ilikuwa ya marehemu mumewe Raimundi, dereva wa lori la mpunga, ya shaba nzito, pana kuliko kizibo cha soda. Raimundi hakukubali kamwe ishonwe pindoni. Aliitundika mbele yake, juu ya usukani, na Bibiana alimgombeza kwa hilo ndoa yao nzima.

Kuhusu ndege yenyewe, aliyeidharau hakuwahi kuiona kwa karibu. Agnella ni mwalimu wa fizikia, na aliijenga sebuleni kwa mama yake likizo hadi likizo. Mabawa aliyakata kutoka kwenye yale maboksi meupe ambayo wachuuzi hupakia samaki na barafu, akitumia waya mwembamba uliopashwa moto kwa betri, na nyumba ikanuka kambale mpaka majirani wakaanza kuulizia chakula. Ndani ya mabawa alipitisha ufito wa mwanzi uliokaushwa darini juu ya jiko. Kisha akayavika selotepu na kuisugua kwa pasi ya vuguvugu mpaka hakikubaki kikunyanzi hata kimoja, na ndege ikatoka na rangi ya mwewe. Mota, betri na rimoti ndivyo pekee vilivyotoka Kariakoo. Bibiana anajua kazi nzuri akiiona. Siku zile alipita sebuleni mara kwa mara akijifanya anatafuta mkasi, kumbe anataka tu kuitazama.

Kazi ya mwewe huyo ilikuwa kuamia mpunga. Punje zikianza kutunga maziwa, kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, hushuka bondeni kwa makundi yanayotia giza, na watu hushinda mashambani wakipiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo mpaka sauti zinakauka. Magoti ya Bibiana yalishaikataa kazi hiyo. Agnella alikuwa na hakika kwamba kivuli cha mwewe kikipita juu ya mpunga, kwelea hawatasubiri kuuliza ni wa kweli au wa maboksi.

Shida ilikuwa ndege ya kwanza. Mwaka uliotangulia ilikata mawasiliano na rimoti ikiwa hewani, ikaenda kuangukia katikati ya maksai wa mzee Kija, nao wakatimua mbio na jembe lao wakipita katika mashamba ya watu. Hakuna aliyeumia. Lakini Kija, Msukuma mwenye sauti kubwa na roho nzuri, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, na alitoa neno mbele ya wote: mwalimu atapewa siku moja tu nyingine. Ikianguka, au isiporuka siku hiyo, asirushe tena kitu juu ya vichwa vya watu wa bonde lile. Agnella alikubali. Tangu hapo alijenga kama mtu aliyepewa mtihani wa mwisho, na mama yake alimwona jinsi alivyokuwa akisahau hata chai yake mezani.

Siku yenyewe ikafika, alasiri, na nusu ya kijiji ikawa ukingoni mwa mashamba.

"Shikamoo mzee," Agnella alimwamkia Kija.

"Marahaba, mwalimu. Maksai wangu nimewafunga mbali. Wakisikia jina lako tu, wanatafuta njia."

Watu wakacheka, na Agnella naye akacheka, lakini mikono yake ilikuwa kazini. Alikuwa amekwisha kufunga kamba kutoka mti hadi mti na kumweka kila mtu nyuma yake, wazee kwa watoto. Alichomeka kijiti chenye kipande cha kanga kusoma upepo. Akampa mama yake ndege aishike kwa nguvu, akarudi nyuma na rimoti mpaka akawa mdogo kule kwenye tuta, akajaribu mawasiliano kutoka huko. Kisha akaizima rimoti kwa makusudi ili wote waone pangaboi likisimama papo hapo. Hilo alifundishwa na maksai: mawasiliano yakikatika, mota izime yenyewe, ndege isiende kutembea.

"Kushoto," alisema kwa sauti alipokwisha kurudi, akiangalia vibawa vikiinuka na kushuka. "Kulia. Juu. Chini."

"Jamani," Kija akaguna, "hata ng'ombe wa mnadani hakaguliwi hivi."

Bibiana alisimama kando akimtazama binti yake, na moyo wake ulijaa. Hakuwahi kumwona fundi yeyote akifanya kazi kwa heshima ya namna ile, hata yule mzee aliyemfundisha cherehani.

Likabaki jambo la mwisho. Chini ya kila bawa, nyuma kidogo ya ukingo wa mbele, Agnella alikuwa ameweka nukta ya wino. Aliweka ncha za vidole viwili kwenye nukta hizo, akainyanyua ndege. Ndege iliyo sawa hukaa vidoleni imeinamisha pua kidogo tu, na ndivyo ilivyokaa jana yake jioni, mbele ya macho ya mama yake.

Leo mkia ulishuka. Agnella akaishusha, akainyanyua tena. Mkia ukashuka tena.

"Kuna nini?" Kija akauliza.

"Mkia mzito. Jana ilikaa sawa."

Bibiana akaikumbuka medali. Mchezo ule wa vidole alikuwa ameuona mara nyingi, ila alidhani ni mbwembwe za walimu. Haikumjia akilini kwamba kitu kinachotoshea kiganjani kingeweza kubadilisha chochote kwa ndege yenye mabawa marefu kuliko kitanda cha mtoto.

"Si umeweka kifuko cha mpunga puani?" Kija alisema. Kweli kilikuwepo, cha kitambaa, Bibiana mwenyewe alikishona, na Agnella alikitumia kuongeza uzito mbele. "Ongeza konzi moja, turuke. Kwelea hao wanakuja."

Walikuwa wanakuja kweli. Kundi la kwanza lilishakunja kona juu ya matete.

"Nikiongeza itakaa sawa, mzee," Agnella akajibu. "Lakini kuna kitu kimebadilika tangu jana, na sikijui ni nini. Labda maji yameingia. Labda mwanzi umeachia, na ukiachia hewani bawa linakatika. Siwezi kupitisha juu ya watu kitu nisichokijua."

"Mwalimu, tulikubaliana. Ukiifunga leo, ndiyo basi."

"Najua, mzee. Nisameheni kwa kuwapotezea muda."

Akapiga magoti, akachukua bisibisi, akaanza kufungua bawa. Hakubishana wala hakulia. Mwaka mzima wa kazi, na aliuweka chini vile, kwa sababu tu ya watu waliokuwa wakimcheka nyuma ya kamba. Bibiana aliitazama parafujo ya kwanza ikitoka. Akaona aibu, na ndani ya aibu hiyo akaona fahari kubwa kiasi kwamba sauti ilimtoka kabla hajaipanga.

"Agnella, acha. Ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Nimeishonea medali. Ya baba yako. Imo humo mkiani." Nyuma ya kamba watu walisogea wasikie, na ilimbidi amalizie. "Si ilikuwa inasafiri?"

Kicheko kilichofuata kilisikika pengine mpaka kijiji cha Idete. Kija alijishika mbavu. Agnella hakucheka. Alipapasa mkia mpaka akakipata kile kiraka, na akatikisa kichwa kwa jinsi kilivyofichwa vizuri. Akakichana, medali ikaangukia kiganjani mwake.

"Mama, hii ingeiangusha," alisema taratibu. "Mkia ukiwa mzito ndege inainua pua, inakosa mwendo, halafu haisikii tena rimoti. Ingeweza kuwaangukia hawa."

"Nimeelewa, mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Huwa haisemwi."

Agnella aliinyanyua ndege kwa vidole viwili. Ikakaa kama jana, pua imeinama kidogo. Akageuza mkia, akatazama ndani ya ule mpasuko, akabonyeza kila upande, akaziba upya kwa selotepu. Angeweza kuruka wakati huo huo. Badala yake aliitazama medali, iliyochakaa upande mmoja kwa kidole gumba cha Raimundi.

"Baba alikuwa anaiweka wapi kwenye gari?"

"Mbele, juu ya usukani. Nilimgombeza mpaka nikachoka."

"Alikuwa sahihi," Agnella akasema, na hapo ndipo akatabasamu. "Kinga mikono, mama."

Akafungua pua, akatoa kile kifuko, akaiweka medali ndani yake na kuanza kumimina mpunga viganjani mwa Bibiana, kidogo kidogo, akipima, akimimina tena, mpaka ndege ikakaa sawasawa kwenye nukta zake. Akafunga pua na kukaza bawa. Akajaribu tena kushoto, kulia, juu, chini, kwa sauti ileile. Safari hii Kija hakuguna.

Kisha akairusha kwa mkono, kuelekea upepo unakotoka.

Ilipaa bila kusitasita. Ikapita juu ya tuta, ikainama kushoto, na jua likaipiga tumboni ikawa mwewe kabisa. Kundi la kwelea lililokuwa limekwisha kutua kwenye mpunga wa Bibiana likanyanyuka lote kwa pamoja, kwa kishindo, likavuka mto likienda zake. Watu walipiga vigelegele. Agnella hakugeuka hata mara moja kutazama nani anashangilia. Macho yake yalikuwa kwenye ndege, na kila alipoigeuza aliigeuzia upande wa mashamba, mbali na kamba. Alipoishusha iliteleza kwenye nyasi na kusimama karibu na miguu yake, nzima.

Bibiana alikuwa bado amekinga mikono. Viganja vilimuuma, alikuwa ameukamata ule mpunga kwa nguvu muda wote.

Kija akaja mpaka kwenye kamba, lakini hakuivuka. "Mwalimu," alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua, "kwelea wamehamia kwangu. Naomba uwapitie na huko. Maksai nitawaeleza mwenyewe."

"Nitakuja, mzee. Niikague kwanza."

"Si umeikagua sasa hivi?"

"Ndiyo. Na sasa imetua."

Akabadilisha betri, akajaribu vibawa kimoja kimoja. Ilipofika zamu ya vidole viwili hakuinyanyua. Alimgeukia mama yake.

"Pima wewe, mama."

Bibiana aliumimina mpunga ndani ya kanga yake, akafunga fundo, akafuta mikono. Aliinama, akazitafuta nukta kwa ncha za vidole kama anavyotafuta mshono gizani, akainyanyua ndege polepole. Watu wote wa Namawala walikuwa wakimsubiri, na yeye hakuharakisha. Pua ikainama kidogo, upande alikokaa Raimundi.

"Iko sawa," alisema. "Irushe."