Mtaro Nyuma ya Mitufaha

Kitendawili! Namlisha kila siku, na anayekonda ni mimi. Mmeshindwa? Nipeni mji. Basi jibu ni kisasi. Changu nilikilisha miaka thelathini na tisa, na jina lake lilikuwa Wisse Boogaard.

Wisse ndiye aliyekwenda kwa wazee wa kanisa kusema kwamba kaka yangu Krijn aligeuza majani ya ng'ombe yaliyokuwa yakikauka, siku ya Jumapili ambayo kwetu kazi ni dhambi, mvua ikiwa inakuja kutoka baharini. Kweli aligeuza. Wazee wakamfungia meza ya Bwana, na kijijini kwetu kufungiwa meza ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Krijn akapanda meli kwenda Kanada, akafia huko. Mimi nikaletewa saa yake ya mfukoni ndani ya bahasha.

Mwaka jana, wakati wa kuchuma matufaha, jirani yangu Jikke akaingia jikoni bila hata kubisha hodi.

"Nel, umesikia? Wisse ameongoka. Hatukani tena hata ng'ombe. Jumapili ijayo anakwenda mezani, mara ya kwanza, na miaka yake sabini na mmoja!"

"Mbweha akiishiwa meno husema amefunga."

"Acha roho mbaya, mama."

"Siiachi, nimeizoea."

Kanisani kwetu tunajaa mia tatu, lakini wanaokwenda mezani hawafiki ishirini. Ni lazima Mungu awe amekugeuza kweli, na majirani waone. Alhamisi kabla ya meza, wazee hukaa katika chumba cha nyuma, na mwenye neno juu ya mtu anakwenda kulisema. Katika chumba hicho ndimo Krijn alimochinjwa. Nami nilikuwa na neno.

Jumapili iliyotangulia, kati ya ibada ya asubuhi na ya alasiri, watu wote wakiwa wamelala baada ya supu, nilikuwa dirishani. Nikamwona Wisse akipita njia ya nyuma. Mundu wa matete begani, suruali ya kanisani imelowa tope hadi mapajani. Kesho yake, Jumatatu, ilikuwa siku ya wakaguzi wa mitaro, na mtaro wenye matete ni faini. Nikajua tu, amefyeka wake. Nilicheka peke yangu mpaka paka akatoka nje. Mtaro wangu mimi sikuuwazia, kwa sababu Kommer, kibarua wangu, alikuwa aufyeke Jumamosi nilipokuwa kwa dada. Na kweli, Jumatatu wakaguzi walipita kwangu bila neno.

Alhamisi nikavaa kofia yangu nyeusi. Mzee Lein, mkubwa wa wazee, alinisikiliza, kisha akamwita Wisse.

"Ni kweli ulifyeka mtaro?"

"Ni kweli."

"Jumapili?"

"Jumapili."

"Kwa nini, ndugu yangu?"

Wisse akanitazama, halafu akatazama mikono yake. "Kazi ilikuwa imebaki. Bi Pieternel hakusema uongo."

"Basi meza utaisubiri."

Nilingoja apige kiti teke. Wisse ninayemjua mimi angepiga. Huyu alinifungulia mlango. "Kuna ukungu, Bi Pieternel. Shika ukuta."

"Mlango ungemfungulia Krijn," nikamwambia.

Nikaenda nyumbani, nikakaanga nyama ya nguruwe, nikala sahani mbili. Ilikuwa tamu, sitawadanganya.

Ijumaa akaja Kommer, kofia mkononi, uso umekwisha kwa homa.

"Bi Nel, nisamehe. Wamekuandikia faini?"

"Faini ya nini?"

"Ya mtaro wako. Nimelala kitandani wiki nzima. Jumapili tu ndiyo nilijikokota kanisani asubuhi."

"Mtaro wangu umefyekwa."

"Na nani? Nilimwambia Wisse peke yake, pale mlangoni. Akasema nikalale, nisihangaike."

Nikachukua fimbo, nikaenda nyuma ya mitufaha. Matete yamekatwa hadi majini, yamelazwa ukingoni, vichwa vyote upande mmoja, kama Krijn alivyokuwa akiyalaza. Nikayapiga kwa fimbo mpaka mkono ukachoka. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko ya miaka yote ile. Mtu amekunyang'anya kisasi mkononi, na hata hakukukwaruza!

Jumamosi nikarudi kwa Mzee Lein. "Ulikuwa mtaro wangu. Mfungulieni."

"Jumapili ni Jumapili, Bi Pieternel. Hata Krijn hatukumuuliza majani ni ya nani." Akavua miwani. "Na tusisahau, ni wewe uliyetuletea."

Nikampa mji. Mimi, mama wa vitendawili!

Jumapili watu kumi na wanane wakainuka kwenda mezani. Wisse akabaki kwenye benchi lake, na macho yote yakamwangukia, yale yale yaliyomwangukia Krijn. Baadhi ya wenye macho hayo nawajua, nilicheza nao utotoni. Nikainuka. Fimbo yangu ikagonga sakafu, ko, ko, ko, Jikke akanivuta sketi, nikamponyoka. Nikaenda kukaa kando ya Wisse.

"Sijakusamehe," nikamnong'oneza.

"Najua."

"Ya Krijn iko pale pale."

"Hata kwangu, Nel. Hainitoki."

"Kwa nini hukuniambia mtaro ni wangu?"

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza. Ningekuachia mbwa."

"Basi."

Sisi tuna desturi, mchungaji akianza kunena, pipi za mnanaa hupita kwenye benchi kutoka mkono hadi mkono. Miaka thelathini na tisa pipi yangu haikuwahi kufika kwa Boogaard yeyote, hata mtoto. Nikapekua mfuko. Ilibaki moja. Nikaiuma katikati kwa meno yangu ya kubandika, nikampa nusu.

Akaitia kinywani. Machozi yakamtoka.

"Kali," akasema.

"Ndivyo ninavyozichagua," nikamjibu. "Nyamaza sasa, mchungaji anaanza."