Kura ya Adabu

...na penseli yenyewe kipande, imefungwa kwa mshipi wa kuvulia kwenye msumari, kana kwamba kuna mtu kisiwa hiki cha Niue ataiba penseli tusimjue kabla hajafika kwake, haya Meleta, tulia, shika vizuri, majina ni mawili tu, Folitau juu, Meleta chini, ukoo mmoja, mgeni akiiona karatasi hii atadhani ni orodha ya walioalikwa chakula... ile ndefu, ya wabunge wa kisiwa kizima, nimeimaliza zamani, sita nimewachagua bila hata kupumua, nimeikunja, iko hapa kifuani, lakini hii ya kijiji, hii ndogo, mkono umegoma, na kituturi chenyewe ni shuka la maua lililotundikwa kwenye kona ya ukumbi, shuka la nani hili, nadhani la mke wa shemasi, nalijua, mwaka jana lilikuwa kitandani kwake... "We Meleta, umelala humo?" huyo Lineti karani, anapenda watu wamsikie, nikamwambia nakuja, na sauti imetoka nyembamba, amesikia, wote wamesikia, ukumbi huu hauna siri hata ya kikohozi.

Kumi na wawili wangu, kumi na mmoja wake, tumebaki sisi wawili. Wiki nzima nahesabu, nimehesabu nikimenya magimbi, nimehesabu kanisani mchungaji akiomba, macho nimefumba kama mtu mwema kumbe nakunja vidole, kidole cha kwanza mama, cha pili Tifaole, cha tatu mumewe japo amelalia upande mmoja tangu apooze, walimletea sanduku kitandani, kisha wale ndugu watatu wa nyumba ya bluu, na kadhalika hadi kumi na mbili, siyo kwa kubahatisha, kijiji cha watu ishirini na watano hakibahatishwi, wengine wote wamehamia Oklandi, Nyuzilandi, nyumba zao zimebaki na popo na mipapai, na kila uchaguzi tunapungua, mwisho tutapiga kura watu wanne mezani tukinywa chai... ishirini na watatu wamegawanyika hivyo, nina mmoja zaidi, na sisi wagombea wawili tunafanya kama inavyofanywa hapa kwetu, hakuna mgombea anayejipigia, kujipigia ni ulafi, ni kama kujipakulia nyama wageni hawajanawa, mgombea anampa mwenzake kura yake, mwenzake anampa yake, kura ya adabu, zinapishana njiani na hakuna aliyepungukiwa. Ndivyo inavyosemwa. Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani Folitau akanishika bega mbele ya watu, mkono mzito ule, akasema, "Yangu nakupa wewe, binti yangu, usije ukatoka mikono mitupu," watu wakacheka, nami nikacheka, nikajibu na yangu ni yako, baba mkubwa, na moyoni nasema mwongo wewe, kwa sababu maneno hayohayo, kwenye mlango uleule, alimwambia baba, mdogo wake.

Miaka ishirini na saba iliyopita. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa chini ya meza ya makarani nakula papai, maana wakati ule tulikuwa wengi na ukumbi ulijaa hadi madirishani, baba ndiye aliyekuwa mgombea mwenzake, alikuwa amehesabu, alihesabu vizuri kuliko mimi, alitegemea ishirini na moja kwa ishirini, kura ya adabu ya kaka yake ikiwa ndani, naye ya kwake alishampa kaka yake, alimpa kweli, baba hakujua kudanganya hata samaki, wakasoma, wakasoma, Folitau ishirini na moja, baba ishirini... baba alivaa kofia yake ndani ya ukumbi, jambo ambalo halifanywi, akatoka. Kura moja. Kura moja ikihama inakuwa hivyo hasa, na nani mwingine angehama, wa kwetu wote walikuwa wa kwetu, kwa hiyo ni yeye, alijipigia, akala cha kwake na cha mwenzake, na tangu siku ile ni mbunge, mara nyingi hata hapati mpinzani, nani atasimama na mzee anayemwita baba, mjomba, babu... mimi. Mimi nimesimama. Nimesema kwenye mkutano ni kwa ajili ya tangi la maji na barabara ya kushukia ufukweni, uongo mtupu, yaani tangi ni kweli limepasuka, lakini nimesimama kwa sababu ya ile kura moja, nataka niirudishe nyumbani, na ndiyo maana tangu alfajiri nilishaamua, nikiingia humu najipigia mwenyewe, adabu baadaye, shuka limenifunika, nani ataona.

Wataona. Hesabu zao ni kama zangu, kila nyumba ina vidole, jioni matokeo yakisomwa watarudi barazani kwao kuhesabu na watajua nani kala, na watanisalimia vilevile, hilo ndilo linaloniua, watanipungia mkono kutoka kwenye pikapu zao vilevile kama wanavyompungia yeye... na nisipojipigia, nikampa, naye akajipigia tena kama safari ile, nimekwisha, baba amekwisha mara mbili, nitakuwa mjinga wa pili wa nyumba moja, jamani mkono huu, andika basi, chora alama, ni alama tu... yupo pale nje mlangoni, namwona kwa upenyo wa shuka, kwenye kiti cheupe cha plastiki, shati la kanisani, fimbo katikati ya magoti, alipiga kura wa kwanza saa mbili asubuhi halafu akakaa hapohapo kama aliyeajiriwa kulinda mlango, na nilipopita akaniambia nimekonda, nile. Nile. Mtu huyu. Mwaka uliofuata ule uchaguzi nilitobolewa masikio, sherehe yangu, watu wa vijiji vyote, ukumbi mzima wa magimbi na kaa wa nazi, yeye hakualikwa, akaleta nguruwe, akamfunga kwenye mnazi wa uani akaondoka, na baba akamfungua nguruwe yule akamrudisha, nilikwenda naye, masikio yanawaka moto, kijiji kimesimama barabarani kinatazama zawadi inarudi ilikotoka, sijaona tena jambo kama lile, baba akampa kamba kaka yake, naye akaipokea, akanitazama mimi, akasema, "Masikio yamekupendeza." Hawakusemeshana tena. Miaka kumi na moja, nyumba zinatazamana, hadi baba alipofariki, na aliyechimba kaburi ni yeye, peke yake, kwenye mwamba ule, sururu kutwa nzima, akalisakafia, na kila Desemba analipaka rangi nyeupe, nami huwa nasimama barazani na kikombe cha chai nasema moyoni paka, mzee, paka vizuri, tunajua unafunika nini.

Dirisha liko usawa wa bega langu na nje yake, kwenye benchi, mama na Tifaole wanasuka kofia, nasikia majani ya mkadi yanavyosuguana, mama amepiga kura dakika kumi zilizopita, masikio yamemwisha kwa hiyo anazungumza kama anayemwita mtu baharini, na Tifaole anasema kitu, anasema mwangalie shemeji yako alivyokaa pale kama mchungaji, asije akamfanyia Meleta alichomfanyia marehemu, mama anauliza nini, Tifaole anarudia kwa sauti, vizuri, Tifaole, mwambie, kidole changu cha pili, mwambie asikie na yeye kule mlangoni... "Folitau hakufanya kitu," mama anasema. "Ilikuwa mimi."

Mimi nini.

"Wewe nini?" Tifaole naye, kama amenisikia.

"Kura. Yangu nilimpa Folitau." Na majani hayajasimama, bado yanasuguana, anasuka huku anasema, kama anayezungumzia chumvi, sijui hata kama anajua nipo nyuma ya vioo hivi, anasema ungekuwa wewe ungefanyaje, Tifaole, wake za wabunge tunawajua, mjane mwenye mume hai, kutwa kupikia wageni wa serikali kutoka Alofi mjini, mume yuko kwenye ndege, yuko mkutanoni, mimi nina watoto wanne na huyu wa mwisho pumu, nilimtaka mume wangu nyumbani. "Basi nikampata nyumbani," anasema, "kanuna miaka kumi na moja," na anacheka kidogo, siyo kicheko, naijua sauti ile, ndiyo aliyoitoa siku ya mazishi... hapana, mama, nyamaza, hapana, endelea. Tifaole anamwambia punguza sauti, kura zinapigwa. Kisha, chini zaidi, anauliza na Folitau anajua, na mama, ambaye hana sauti ya chini, "Alijua jioni ileile. Yeye yake alishampa mdogo wake, kwa hiyo alijua imetokea ndani kwetu. Alinikuta tangini nachota maji, akaniambia, nyamaza, shemeji, mimi na mdogo wangu tutapatana tu. Wewe na yeye hamtapatana."

Tutapatana tu... na nguruwe. Aliipokea ile kamba. Kijiji kizima kinamtazama kama mwizi, angeweza kusema neno moja, neno moja tu, kamwulize mkeo, na baba angegeuka pale barabarani na nyumba yetu ingevunjika kabla ya magharibi, na alichosema ni masikio yamekupendeza, kwangu, mtoto wa miaka kumi, nikamchukia kwa hilo kuliko yote, nilidhani ananikejeli, nimetembea na chuki hiyo hadi Oklandi na nikarudi nayo, nimeivaa na hereni, na ile sururu, na ile rangi kila Desemba, loh, mimi na chai yangu barazani... mama naye, miaka yote akinituma na sahani ya magimbi ya Jumapili kwa baba mkubwa, peleka, mwanangu, usiulize, nami naiweka kwenye ngazi nakimbia bila kusalimia, nilidhani mama ana moyo mwema kupita kiasi, kumbe... sijui nimkasirikie vipi, nataka kutoka nikamshike mabega na nataka nikae hapa ndani ya shuka la watu hadi kisiwa kizima kihamie Nyuzilandi, na baba, maskini baba, kofia kichwani ndani ya ukumbi, alikufa amemnyima neno mtu pekee aliyempa kura kwa adabu na akanyamaza kwa adabu.

Kwa hiyo mzee amenipa. Leo, saa mbili asubuhi, na vidole vile vinavyotetemeka, ameweka alama kwenye jina la chini, sina shaka hata chembe, nilikuja humu kumwibia mtu ambaye alishanipa... "Meleta, unaandika barua kwa mfalme?" huyo Lineti tena, na watu wanacheka, na fimbo ya mzee inagonga sakafu mara moja, anasema mwacheni binti afikirie, na mimi nimesimama palepale, penseli iko juu palepale, haijagusa karatasi, lakini najua sasa ikishuka itashukia wapi, jina la juu, ni lake, lilikuwa lake hata kabla sijaingia, na nikishinda nishinde, nikishindwa... ngoja. Hesabu tena. Kumi na mbili. Mama alipotoka humu dakika kumi zilizopita alinipapasa mkono, alinitazama sana, akasema, "Nimemaliza, mwanangu," halafu akaenda kukaa na kofia yake, mama anayetaka watu wake nyumbani, na mimi ndiye niliyebaki nyumbani, na wiki nzima, kanisani, jikoni, kila nilipoanza kukunja vidole, nilianza na yeye, sikufikiri hata kidogo, kidole cha kwanza mama, na baba naye, siku ile, lazima alianza hivyohivyo...